Maktaba Ikitafuta Njia ya Buleusa

Buleusa iko katika eneo la Ikobo, kaskazini mwa teritwari ya Walikale, Kivu ya Kaskazini. Walikale peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, inakaribia Rwanda nzima kwa ukubwa, na sehemu yake kubwa ni msitu. Kijana wa huko aliyefaulu mtihani wa taifa na kutaka chuo kikuu hufunga safari ya Butembo au ya Goma, kwa pikipiki, kwa lori, na mahali pengine kwa miguu. Mwenzake wa Masisi, teritwari jirani, naye hushuka Goma. Mnamo 2015 na 2016 mapigano ya makundi yenye silaha yaliwang'oa maelfu ya watu Buleusa na vijiji jirani, na wanafunzi waliokuwa mijini walibaki bila habari za nyumbani wala karo.

Akifika chuoni, kijana huyo hukutana na kitu ambacho kila aliyesoma Kongo anakijua: silabasi ya profesa. Ni kijitabu cha notisi za somo zima, kilichochapwa na kurudufiwa kwenye sekretaria ya mtaani, kinachouzwa kwa wanafunzi mwanzoni mwa kozi. Mtihani hutoka humo. Aliyekinunua na kukikariri ana matumaini ya kufaulu. Miaka inapita hivyo, kisha ghafla anaambiwa aandike TFC, ile kazi ya kumaliza mzunguko wa kwanza, na humo aonyeshe amesoma nini kwa waliotangulia kuandika juu ya mada yake. Hajawahi kufundishwa namna ya kumtafuta hata mmoja wao.

Kwa zaidi ya miaka sabini watu wenye nia njema wamejaribu kumfikishia vitabu mwanafunzi wa namna hii. Walibadilisha vyombo mara nyingi: sanduku la mbao, bahasha ya posta, setelaiti, sidii, tovuti, simu. Kila mara vitabu vilitangulia, na mafundisho ya kuvitumia yakafuata nyuma yakichechemea.

Upande wa mashariki, katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza, East African Literature Bureau iliundwa mwaka 1948, makao yake Nairobi, chini ya Charles Richards. Kazi yake kuu ilikuwa kuchapisha vitabu kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwa mbele, lakini ilifanya na jambo jingine ambalo siku hizi halikumbukwi sana. Ilituma masanduku ya vitabu kwenda vijijini, na ikaendesha maktaba ya posta: msomaji aliye mbali aliomba kitabu kwa barua, kikamfikia kwa barua, akakirudisha vivyo hivyo. Mshauri wake wa maktaba, S. W. Hockey, aliandika ripoti mwaka 1960 iliyopendekeza huduma za maktaba za kitaifa. Kutokana na mawazo hayo Tanganyika ilipata sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, Uganda na Kenya zikafuata. Mwaka huohuo wa 1963 Makerere ilifungua shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua jengo la maktaba kuu ya taifa jijini Dar es Salaam.

Maktaba ya posta ilikuwa na kasoro moja. Ilimtaka msomaji ajue tayari anachokitaka. Aliyejua jina la kitabu alikipata. Asiyejua hakuwa na wa kumuuliza, kwa kuwa mkutubi alikuwa Nairobi, na msomaji yuko kijijini. Kasoro hiyo itajirudia katika habari yote iliyobaki.

Kivu haikupata hata masanduku hayo. Ubelgiji, iliyotawala huko, ilichelewa mno kuwapa Wakongo elimu ya juu. Chuo Kikuu cha Lovanium kilianza 1954 karibu na Léopoldville, cha serikali kikafuata Elisabethville mwaka 1956, na siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliokuwa na shahada hawakufika 30. Mwaka 1963 Waprotestanti walianzisha chuo chao Kisangani. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu ilivikusanya vyote vitatu kuwa chuo kikuu kimoja cha taifa, UNAZA, chenye matawi Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani, kisha mwaka 1981 ikavitenganisha tena. Kwa mtu wa Walikale, mambo hayo yote yalitokea mbali. Chuo kikuu cha karibu kilikuwa Kisangani, ng'ambo ya msitu.

Mabadiliko yalikuja serikali ilipoacha kuhodhi elimu ya juu mwishoni mwa miaka ya 1980. Goma tayari ilikuwa imepata ULPGL ya makanisa ya Kiprotestanti mwaka 1985. Mwaka 1989 Askofu Emmanuel Kataliko alianzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben mjini Butembo. Mwaka 1993 Chuo Kikuu cha Kisangani kilifungua tawi Goma, ambalo baadaye lilijitegemea na kuwa UNIGOM. Kwa mara ya kwanza kijana wa Buleusa angeweza kusoma chuo kikuu bila kuuhama mkoa wake. Ila vyuo hivi vilizaliwa taifa likiwa limefilisika, na baada ya miaka michache tu vita vya 1996 na 1998 vilivikuta. Nani angeagiza majarida kutoka Ulaya wakati huo? Silabasi ilishika nafasi ya maktaba kwa sababu hapakuwa na kingine. Siwalaumu maprofesa wa enzi hiyo: waliandika kwa mkono yale waliyoyabeba kichwani, na bila wao kizazi kizima kisingesoma chochote.

Wakati Kivu ikiungua, kwingine vyombo vipya vilikuwa vikijaribiwa. Tanzania ilikwisha kupitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria mwaka 1992, kikapokea wanafunzi wa kwanza Januari 1994 chini ya Profesa Geoffrey Mmari, kikiwatumia masomo ya maandishi walimu na watumishi waliobaki kazini mikoani. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha African Virtual University, iliyorusha mihadhara kwa setelaiti kwenye vyuo vya Afrika, Chuo Kikuu cha Kenyatta kikiwemo, na mwaka 2002 ikahamishia makao yake Nairobi. Mwaka 1999 maktaba ya Mann ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ilianza kuuza TEEAL, mkusanyo wa majarida ya kilimo uliopangwa kwenye rundo la sidii. Chuo kilihitaji kompyuta moja tu na umeme. Intaneti haikuhitajika kabisa. Miaka michache baadaye Cliff Missen, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Iowa, alisambaza eGranary, diski ngumu iliyojazwa tovuti zilizonakiliwa kwa ruhusa ya wenyewe, ili mwanafunzi azifungue kupitia mtandao wa ndani wa chuo bila kulipia setelaiti. Wazo hilo lilistahili heshima kuliko lilivyopewa.

Na Uganda kulikuwa na mkutubi Maria Musoke. Akiwa kwenye maktaba ya udaktari ya Albert Cook, Makerere, aliona wahudumu wa afya wa vijijini hawana intaneti na hawatakuwa nayo hivi karibuni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 maktaba yake ilianza kuchapa jarida dogo la muhtasari wa makala za tiba, likatumwa kwa karatasi hadi vituo vya afya. Kilichotafutwa kwa kompyuta Kampala kilimfikia muuguzi wa wilayani kwa karatasi. Baadaye Musoke aliiongoza maktaba nzima ya Makerere na kuwa profesa. Ninamtaja kwa sababu alianza na swali sahihi: huyu msomaji ana nini mkononi leo? Wengi waliomfuata walianza na swali jingine, la nini kinachoweza kuwekwa mtandaoni.

Januari 2002 kulitokea mambo mawili ambayo kwa mtu wa Goma hayawezi kutenganishwa. Tarehe 17 mlima Nyiragongo ulipasuka, lava ikashuka hadi mjini, ikaukata mji vipande viwili na kuzika maduka na nyumba za katikati. Maelfu ya watu walivuka mpaka kuingia Gisenyi, Rwanda. Mwezi huohuo Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wa HINARI kwa makubaliano na kampuni sita kubwa za uchapishaji, miongoni mwao Elsevier, Blackwell, Springer na Wiley. Majarida ya tiba yapatayo 1,500 yalifunguliwa kwa taasisi za nchi maskini, na kwa nchi kama Kongo yalikuwa bure kabisa. Mwaka 2003 FAO ilileta AGORA kwa kilimo, mwaka 2006 UNEP ikaleta OARE kwa mazingira. INASP ya Oxford nayo, kupitia mpango wake wa PERI, ilijadiliana bei na wachapishaji kwa niaba ya nchi nyingi na kuwafunza wakutubi. Kwenye makaratasi, chuo cha Goma kilichozungukwa na lava iliyopoa kilikuwa na haki ya kusoma majarida ambayo vyuo vingi vya Ulaya vililipia kwa mamilioni.

Haki hiyo ilikuja kama jina la mtumiaji na nywila moja kwa taasisi nzima. Mkutubi ndiye aliyeipokea. Mkataba ulimtaka ailinde isisambae ovyo, naye, kwa kuogopa kufungiwa, mara nyingi aliilinda hata dhidi ya wanafunzi wake. Mwanafunzi aliyetaka makala alipaswa kwanza kujua kwamba mpango huo upo, kisha kujua kwamba chuo chake kimejiandikisha, kisha kumpata mkutubi siku ambayo umeme upo. Wengi walikwama kwenye hatua ya kwanza. Mafunzo yaliyotolewa yalikuwa warsha za siku chache, katika mji mkuu, kwa mkutubi mmoja au wawili wa kila chuo, wakitarajiwa kurudi na kuwafundisha mamia.

Marekani nayo ilikuwa ikihangaika na tatizo lilelile la kuwafundisha wanafunzi kutafuta, ingawa ilikuwa na mali nyingi. Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin kilitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1990 somo la mtandaoni lililoitwa TILT, lenye sehemu tatu: kuchagua chanzo, kutafuta, na kupima ulichokipata. Mwanafunzi alijifunza peke yake, akajibu maswali, akaonyeshwa alipokosea. Vyuo vingi vililinakili kwa sababu Texas ilitoa ruhusa. Lilikuwa pia na toleo jepesi kwa wenye mashine duni. Mwaka 2000 chama cha maktaba za vyuo cha Marekani, ACRL, kilipitisha viwango vya stadi hizi. Mwaka 2016 kikapitisha mwongozo wa namna nyingine, unaomtaka mwanafunzi aelewe elimu inavyojengwa kwa mazungumzo kati ya waandishi, si kubonyeza vitufe tu. Nadhani mwongozo huu wa pili unamfaa mwanafunzi wa silabasi kuliko Mmarekani mwenyewe. Mwanafunzi wa silabasi amelelewa aone elimu kama sauti moja, ya profesa, na anahitaji kusikia wengi wakibishana.

Julai 2009 nyaya za intaneti za SEACOM, zilizopita chini ya bahari, zilianza kazi katika pwani ya Afrika Mashariki, TEAMS ikiwa imekwisha kutua Mombasa, na EASSy ikafuata 2010. Bei zilishuka, simu janja zikaenea. Kufikia hapo sababu kuu ya kutofundisha stadi hizi, kwamba hakuna mtandao, ilianza kupoteza nguvu, walau mijini.

Majaribio yaliyotufundisha zaidi hayakufanyika mijini, bali katika kambi za wakimbizi. Kuanzia 2013 mradi wa BHER uliunganisha vyuo vikuu vya York na British Columbia vya Kanada na vile vya Kenyatta na Moi vya Kenya, ili walimu wakimbizi wa Dadaab wasome vyeti na shahada bila kutoka kambini. Huko Rwanda, mwaka 2015, shirika la Kepler lilifungua programu katika kambi ya Kiziba, wilaya ya Karongi, kwa shahada za Southern New Hampshire University ya Marekani. Kiziba ilianzishwa 1996 kupokea Wakongo, na familia nyingi zilizoko pale zilikimbia Masisi na maeneo jirani ya Kivu ya Kaskazini. Kwa hiyo mtoto wa Masisi, aliyezaliwa au kukulia kwenye mlima wa Rwanda, alikuwa akifanya kazi za chuo cha New Hampshire, akitakiwa kutafuta vyanzo, kuvipima na kuvitaja. Aliweza kwa sababu Kepler haikumwacha na skrini peke yake. Masomo yalitoka mtandaoni, lakini palikuwa na mwezeshaji wa kukaa naye chumba kimoja na kumuuliza: umetafuta kwa maneno gani? Hilo ndilo lililokosekana kwenye maktaba ya posta, na nywila ya HINARI haikulileta.

Kisha ikaja korona. Tarehe 18 Machi 2020 Rais Tshisekedi alitangaza kufungwa kwa shule na vyuo, siku zilezile ambazo Tanzania, Kenya na Uganda zilifunga. Vyuo vilivyokuwa na masomo ya maktaba mtandaoni vilisonga mbele. Vingine vilirusha PDF kwenye makundi ya WhatsApp, ambazo kwa sehemu kubwa zilikuwa silabasi zilezile zilizopigwa picha. Wengi wa Walikale walirudi nyumbani, ambako mtandao wa simu hupatikana kwa kupanda kilima, na hawakusoma kitu hadi vyuo vilipofunguliwa tena.

Sasa tutazame mfano wa somo moja la kutafuta vyanzo kwa simu, kwa mwanafunzi wa kilimo anayetoka Masisi au Buleusa, ambaye nyumbani kwao migomba inakufa. Majani yanageuka njano na kunyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati wake na kuoza ndani, na shina likikatwa hutoa utomvu wa rangi ya krimu. Akiandika kwenye simu "ugonjwa wa migomba" atapata machache. Akiandika kwa Kifaransa cha shuleni, "maladie du bananier", atazama katika magonjwa kumi tofauti. Somo zuri linaanzia hapo alipokwama. Linamwambia aorodheshe dalili alizoziona kwa macho yake, azilinganishe na picha za magonjwa matatu, achague ugonjwa mmoja, kisha achukue jina la kisayansi la kijidudu chake, Xanthomonas, aliunganishe na jina la mahali, Kivu. Matokeo yanabadilika palepale. Miongoni mwake ni taarifa iliyochapishwa na jarida la Uingereza, Plant Pathology, mwaka 2006, ikithibitisha kwamba mnyauko wa Xanthomonas umefika Kongo, huko Masisi. Mwandishi wake wa kwanza ni Vigheri Ndungo, wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, Butembo.

Mwanafunzi akifika hapo, amegundua kwamba anayemtafuta ng'ambo yuko mkoani kwake. Hatua inayofuata ni kurudi nyuma kwa kufuata marejeo ya makala: Uganda, ambako ugonjwa ulionekana 2001, na kabla ya hapo Ethiopia, ambako Yirgou na Bradbury waliueleza mwaka 1968 kwenye mmea wa enset. Kisha anakwenda mbele, kwa kutazama ni nani waliomtaja Ndungo baada ya 2006, na hapo anakutana na utafiti wa kukata ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga, kwa sababu panga lisilosafishwa hubeba ugonjwa kutoka mgomba hadi mgomba. Hilo anaweza kumweleza mama yake kwa simu jioni hiyohiyo. Amejifunza kutafuta, kupima na kufuata mazungumzo ya wanasayansi, na hajasikiliza hotuba yoyote juu ya umuhimu wa maktaba.

Somo hilo lisitengenezwe kwa video. Dakika 10 za video ya kawaida hula makumi ya mega. Dakika 10 za sauti iliyobanwa hazizidi mega tano au sita. Kurasa chache za maandishi na picha tatu zilizopunguzwa hazifiki mega mbili. Kwa anayenunua mega kwa siku, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atasoma au hatasoma. Lipakuliwe mara moja mjini, lifunguke bila mtandao kijijini, na lipite kutoka simu hadi simu kwa bluetuthi. Maelezo yawe kwa Kiswahili, maana ndicho wanachozungumziana wanafunzi wa Goma wakisaidiana, na maneno ya kutafutia yatolewe kwa Kifaransa na Kiingereza. Waonyeshwe pia kwamba Persée, Érudit, OpenEdition na HAL zina makala nyingi za Kifaransa zisizodai nywila yoyote. Nimeona watu wakiacha utafiti kwa kukata tamaa na Kiingereza, na kumbe maandishi waliyoyahitaji yalikuwapo katika lugha waliyosomea.

Mwisho wa Januari 2025 Goma ilitwaliwa na waasi wa M23, na Machi mwaka huohuo wapiganaji hao waliingia Walikale mjini kabla ya kuondoka Aprili. Wanafunzi walitawanyika tena: Butembo, Kisangani, Uganda, Burundi, vijijini kwao. Mfumo mpya wa masomo ya shahada, LMD, uliosambazwa vyuoni Kongo kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, unawataka wasome zaidi peke yao na kutegemea notisi kidogo, na haujasubiri vita viishe.

Wakutubi wa Goma, Butembo na Bukavu wanao ujuzi wa kuandika somo hili, na maprofesa wanazo saa za kozi za kuliweka. Hawahitaji mradi mkubwa wala jengo. Ninawaomba waanze na ugonjwa mmoja, kitivo kimoja, na taarifa ile ya Ndungo, ambayo ina ukurasa mmoja tu.